Reli Iliyouzwa Vipande

Magharibi mwa Wales, Mto Mawddach hupanuka sana kabla ya kuingia baharini, na misitu ya mialoni hushuka kutoka milimani mpaka ukingoni mwa maji. Kando ya mto huo kuna njia ya takriban kilomita 15 isiyopitiwa na gari hata moja. Inaanzia mji mdogo wa Dolgellau, inapita Penmaenpool, kisha inavuka mdomo wa mto juu ya daraja refu la mbao la mwaka 1867 na kuingia Barmouth. Kwa sehemu kubwa ni tambarare. Mtoto aliyejifunza baiskeli juzi huiendesha pale bila mzazi wake kuwa roho juu, na mzee mwenye magoti mabovu hufika mwisho bila kuhema.

Utambarare huo haukuja wenyewe. Hiyo ilikuwa reli. Treni ya mvuke haikuwa na nguvu ya kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo wahandisi wa karne ya 19 waliufuata mto, wakachimba penye kilima na kujaza tuta penye bonde. Kazi ya maelfu ya mikono ndiyo inayombeba leo mwendesha baiskeli asiyejua hata jina la mmoja wao.

Lakini reli hiyo haikuishia Dolgellau. Ilianzia Ruabon, karibu na mpaka wa England, ikapanda na bonde la Mto Dee kupitia Llangollen na Corwen, ikapita kando ya ziwa la Bala, ikavuka mgongo wa nchi na kushuka kwenye Mawddach hadi pwani: zaidi ya kilomita 80 za mto, ziwa, msitu na bahari. Nchi nzima ya Uingereza ina mabonde machache yanayopendeza kuliko hayo. Leo hakuna mtu anayeweza kuifuata njia hiyo kwa baiskeli mwanzo hadi mwisho, na sababu yake ndiyo ninayotaka tuitazame kwa makini, kwa kuwa inatuhusu.

Machi 1963 Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli ya Uingereza, alitoa ripoti iliyopendekeza kufunga stesheni 2,363 na takriban kilomita 8,000 za reli. Hesabu zake zilikuwa za kweli kwa upande mmoja: treni nyingi za vijijini zilikuwa zikitembea karibu tupu. Reli ya Ruabon ilipangiwa kufungwa Januari 1965. Desemba 1964, wiki chache kabla ya siku hiyo, Mto Dee ukafurika na kulikata tuta. Nani angetumia fedha kukarabati reli iliyokwisha kuhukumiwa? Treni hazikurudi tena kwenye sehemu iliyokatwa.

Simlaumu sana Beeching kwa kufunga. Shirika linalopata hasara lina haki ya kusimamisha treni. Kosa kubwa, na kwangu mimi ndilo kosa lenyewe, lilikuja baadaye, kimya kimya. Ardhi ilianza kuuzwa. Mkulima alinunua kipande kilichopasua shamba lake. Mjenzi alinunua uwanja wa stesheni. Halmashauri ya mahali fulani ilichukua tuta ipitishe barabara. Madaraja ya chuma yakavunjwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Kila mauzo yalionekana ya busara, na kila mnunuzi alikuwa na sababu nzuri. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kuua njia ya kilomita 80. Ila mkuza wa reli, yaani ukanda wa ardhi inamopita, ni sawa na kamba ya kisima: ukikata shubiri moja katikati, ndoo haifiki majini, hata kama kamba iliyobaki ni ndefu.

Stesheni ya Dolgellau sasa imefunikwa na barabara ya mchepuo. Kando ya ziwa la Bala kuna reli ndogo ya kitalii, kilomita 7 hivi. Kati ya Llangollen na Corwen watu wa kujitolea walianza kufufua treni za zamani katika miaka ya 1970, na kwa miongo kadhaa wamerudisha kilomita 16 kwa jasho lao. Ukijumlisha na ile njia ya baiskeli ya Mawddach, vipande vyote vitatu havifiki nusu ya reli iliyokuwapo. Katikati yake msafiri hushushwa kwenye barabara kuu, apambane na malori, au atafute vijia vya milimani ambavyo mtoto na mzee hawaviwezi. Wale hasa waliofaa kufaidi njia tambarare ndio wanaoachwa.

Mahali pengine hasara ilikuwa nzito zaidi. Kusini mwa Wales, daraja la Crumlin lililosimama mita 61 juu ya bonde la Mto Ebbw lilibomolewa katikati ya miaka ya 1960, miaka michache tu baada ya treni kusimama. Reli ya Oxford hadi Cambridge ilifungwa sehemu kubwa mwishoni mwa 1967, na karibu na Cambridge darubini za redio za wanaastronomia zikajengwa juu ya mstari wake. Leo serikali ya Uingereza inataka kuunganisha miji hiyo miwili kwa treni, na upande wa Cambridge inabidi itafute njia mpya. Scotland ilipoirudisha sehemu ya reli ya mipakani mwaka 2015, ilibidi nyumba zinunuliwe na kubomolewa kwanza, kwa kuwa zilikuwa zimejengwa palepale ilipokuwa reli.

Wamarekani nao walifunga reli nyingi, pengine kwa pupa zaidi. Tofauti ni kwamba mwaka 1983 walitunga sheria yenye hekima: kampuni inayotaka kuiacha reli inaweza kuukabidhi mkuza wake mzima kwa taasisi itakayoutunza kama njia ya miguu na baiskeli, na kisheria mkuza huo unahesabiwa kuwa haujatelekezwa. Siku treni ikihitajika, inarudi. Ardhi haigawanywi.

Faida ya kutoukata mkuza inaonekana pale mtu anapoweza kutoka Pittsburgh kwa baiskeli na kufika Washington, kilomita zipatazo 540, karibu zote mbali na magari. Sehemu ya kwanza, kilomita 240 hadi Cumberland, inafuata reli za zamani kando ya mito Youghiogheny na Casselman, ndani ya misitu na mahandaki. Reli moja kati ya hizo ilitelekezwa mwaka 1975. Kilomita chache za mwanzo zilifunguliwa Ohiopyle mwaka 1986, na kiungo cha mwisho kikakamilika 2013. Miaka 27! Wangeweza kuchoka. Lakini wangeruhusu mkuza uuzwe katika miaka hiyo ya kungoja, pasingekuwa na cha kukamilisha.

Sehemu ya pili inafuata mfereji wa zamani kando ya Mto Potomac, ambako nyumbu walivuta mashua za makaa ya mawe mpaka mwaka 1924. Katika miaka ya 1950 kulikuwa na mpango wa kuifanya njia ile ya nyumbu kuwa barabara ya magari, na gazeti la Washington Post liliunga mkono. Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu ya nchi aliwaalika wahariri wake watembee naye kwa miguu waione kwanza. Machi 1954 walianza safari ya siku nane, karibu kilomita 300. Watu tisa tu ndio waliotembea mwanzo hadi mwisho, yeye akiwamo. Wahariri walilegeza msimamo wao, na mwaka 1971 mfereji wote ukatangazwa hifadhi ya taifa. Mzee wa zaidi ya miaka 50 aliokoa njia kwa kuitembea. Natamani kila mpangaji wa ardhi aisome habari hiyo.

Sisi tuna reli zetu. Kusini mwa Tanzania Waingereza walijenga reli ya Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Karanga zilishindikana, treni zikakosa mizigo, na mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa. Leo inapangwa reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Nchini Kenya, reli ya Nairobi hadi Nanyuki ililala miaka mingi kabla ya kufufuliwa mwaka 2020, na watu waliokuwa wamejenga vibanda na kufanya biashara ndani ya mkuza walibomolewa vibanda vyao. Hao walikuwa watu wa kipato kidogo, na walioachia eneo lijae hawakupoteza hata bati moja. Mkuza usio na kazi na usio na mlinzi humwalika maskini aje apoteze akiba yake hapo.

Njia ya baiskeli ingekuwa mlinzi wa bei nafuu. Mwanafunzi anayeipita kila asubuhi, mama anayepeleka ndizi sokoni, mtalii anayelala kwenye nyumba ya wageni ya kijijini: wote hao hulifanya tuta liendelee kuwa njia, na njia inayotumika ina watu wa kuisemea. Pale Bristol, Uingereza, mwaka 1977, kikundi cha wakazi ndicho kilichoanza kudai hivyo. Wakaigeuza reli iliyokufa kuwa njia ya baiskeli hadi Bath, kipande kwa kipande, wengi wao wakishika sepetu bila malipo. Hawakungoja waziri.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa diwani, mwenyekiti wa kijiji na afisa ardhi ambaye katika eneo lake kuna tuta la reli lililoota majani. Kabla ya kutia saini kiwanja cha kwanza ndani ya mkuza huo, hata kama mwombaji ni jirani mwema na hata kama ni mita 20 tu, litembee tuta lote kwa miguu au kwa baiskeli, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kisha amua.