Mathayo na Simoni katika Sinia Moja



Kalenda ya Kanisa letu humkumbuka Mtakatifu Mathayo tarehe 21 Septemba, na Mtakatifu Simoni, pamoja na Yuda, tarehe 28 Oktoba. Katika mwaka wa uchaguzi mkuu, Mathayo hutukuta katikati ya kampeni, na Simoni hutukuta karibu na mlango wa kituo cha kura. Mwaka 2020 tulipiga kura siku yenyewe ya Simoni na Yuda. Mwaka 2025 tulipiga kesho yake. Kisha haipiti miezi miwili ila Noeli imefika, na jamaa wa Dar es Salaam, wa Arusha na wa Tanga mjini wote wanarudi nyumbani, kila mmoja na chama chake moyoni.

Basi watu hawa wawili walikuwa nani? Mathayo alikaa forodhani akitoza ushuru, katika nchi ya Herode aliyetawala kwa idhini ya Warumi. Simoni, Luka anamwita Zelote (Luka 6:15), yaani mwenye wivu kwa ajili ya taifa lake na sheria ya Mungu wake. Wataalamu hubishana kama chama cha Wazelote kilikuwa kimekwisha kuundwa wakati ule, na wabishane. Sisi twajua kwamba Yuda Mgalilaya aliinuka siku za kuandikwa watu kwa ajili ya kodi, naye akaangamia na wafuasi wake wakatawanyika (Matendo 5:37). Kwa watu wa namna ya Simoni, mtoza ushuru hakuwa mtu mwenye mawazo tofauti tu. Alikuwa msaliti.

Bwana wetu aliwaita wote wawili, wakala naye pamoja. Angalieni neno moja ambalo wengi hulipita upesi. Hata baada ya kufufuka kwake, Luka akiwahesabu mitume bado anamwita Simoni Zelote (Matendo 1:13). Na Injili ya Mathayo, ikiwataja wale Thenashara, inamwita Mathayo mtoza ushuru (Mathayo 10:3). Majina yale hayakufutwa, wala hatusomi po pote kwamba mmoja alimgeuza mwenzake awe kama yeye.

Sisi watu wa Tanga twapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Katika nyumba zetu nyingi, kuanzia Pangani mpaka Muheza na Korogwe, babu alibatizwa na wamisionari wa Magila, na shangazi anaswali msikitini. Noeli ikija, Mkristo humwita shemeji yake Mwislamu aje amchinje mbuzi, ili wote wapate kula. Na Idi ikija, sinia huletwa kwetu. Wazee walitambua kwamba mwenye karamu ndiye atakayejinyima kidogo, wala si mgeni. Kama twaweza kukaa pamoja hali tunatofautiana juu ya njia ya kumwendea Mungu, mbona tunashindwa juu ya diwani?

Lakini tunashindwa. Mwaka 2005 uchaguzi wa Muungano uliahirishwa kutoka Oktoba 30 hadi Desemba 14, kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza wa CHADEMA, hata Noeli ikawa siku kumi na moja tu baada ya kura. Nakumbuka nyumba moja ya upande wa Muheza. Mwenye nyumba alikuwa kiongozi wa CCM kijijini. Mpwa wake alikuwa wakala wa chama kingine kituoni. Mpwa yule alifika mchana na mkewe na watoto, akaingia pasipo kumpa mjomba wake shikamoo. Mjomba akasema kwa sauti kwamba wanaomtukana nje wasile kwake ndani. Kijana akawashika watoto mkono, wakaenda kukaa kwa jirani. Bibi yao, ambaye alikuwa amekwisha kunawa, akarudisha mkono wake akasema yeye naye hali. Pilau ilikaa mpaka jua likatua. Usiku ule mjomba mwenyewe alibeba sinia kichwani, mtu mzima yule, akavuka mpaka kwa jirani. Walikula. Kisha walibishana mpaka usiku wa manane, na asubuhi hakuna aliyehama chama. Shikamoo ilitolewa, hilo nalijua.

Yasipozuiliwa mapema, mambo haya hufika mbali. Ng'ambo ya bahari yetu, kisiwani Pemba, baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 watu wa CCM na wa CUF walifika mahali pa kutokununuliana dukani na kutozikana. Ndoa zilivunjika. Mwezi Januari 2001 damu ilimwagika, na wengi wakakimbilia Shimoni, Kenya. Ilipasa kungoja mpaka Novemba 2009 wakubwa wa pande mbili walipokutana, na Julai 31, 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni kukubali serikali ya umoja. Hata hivyo, mambo yalichafuka tena baadaye.

Pengine mtu atasema, Bwana mwenyewe alisema kwamba watu watano wa nyumba moja watafarakana (Luka 12:52). Kweli, lakini hapo anasema habari ya kumfuata yeye. Hakuna chama kinachoweza kujivika neno lile.

Wengine wameona dawa ni kukataza: nyumbani hapa siasa marufuku. Mimi siipendi sana sheria hii, ingawa husaidia nyama iliwe kwa utulivu. Humfaa asiye na jeraha. Baada ya kura ya Oktoba 29, 2025 palikuwa na machafuko, watu walikufa, na intaneti ilizimwa siku kadhaa. Aliyempoteza mwanawe siku zile, ukimwambia asilete siasa mezani, umemwambia asilie. Huo ni msiba, na msiba wa ndugu twauhudhuria bila kuuliza marehemu alikuwa chama gani. Kadhalika yuko ndugu yetu askari, au mtumishi wa chama kinachotawala, anayeogopa kuja nyumbani kwa kuwa atahesabiwa makosa ya watu asiowajua. Huyo naye ana mama anayemngoja. Nabii Nathani hakumnyamazia Daudi (2 Samweli 12), ila alimwendea mwenyewe, wala hakumtangaza sokoni.

Kwa hiyo, katika Majilio, mwenye nyumba amtume mtu mzima aende kumwita yule asiyetazamiwa kuja. Asimwandikie kwa simu. Kofia na kanga za chama zibaki sandukuni siku ile, za pande zote. Mdogo na atoe shikamoo, na mkubwa aitikie upesi. Na kama kuna neno zito, lisemwe baada ya kula, wazee wakiwapo, na watoto wakiwa wamekwenda kucheza.