Baa Kumi na Tano

Kiswahili kina baa ya kukaa jioni, na kina baa ambalo watu huomba liwapitie mbali. Tangu shemeji yangu anunue mashine ya kahawa nimejifunza baa ya tatu, kipimo cha mgandamizo, na hiyo ndiyo iliyoondoka na pesa yake ya pamba.

Msimu wa kuuza pamba huku Bariadi hufunguliwa mwezi wa tano. Mwaka huo shemeji alivuna vizuri, chama cha ushirika, AMCOS, kikamlipa, akatangaza kwamba amechoka na kahawa ya kijiweni, ile ya birika juu ya mkaa, inayonywewa kwenye vikombe visivyo na mkono huku watu wakicheza drafti na kubishania Simba na Yanga. Alikuwa ameonja espreso kwenye hoteli moja Mwanza. Kikombe kidogo, kahawa nzito, juu ina povu la rangi ya asali. Alitaka hiyo, nyumbani kwake, kabla hajaenda shambani.

Akapanda basi, Lamadi, Magu, mpaka mjini. Dukani akakuta mashine mbili. Moja ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia mtama, na muuzaji akasema hiyo inasukuma maji kwa baa 9. Nyingine ya plastiki inayong'aa, ina kibandiko kikubwa cha baa 15, na bei yake haifiki nusu ya ile. Tisa na kumi na tano, ipi kubwa? Shemeji ni mtu wa mizani, hakuhitaji kufundishwa hesabu.

Laiti angepitia kwanza kwa fundi wa matairi. Tairi la gari dogo hujazwa baa 2 na kidogo, na hakuna dereva anayeomba aongezewe ziwe 10 ili gari liende vizuri zaidi. Espreso nayo ina kiasi chake: baa 9 hivi pale maji yanapokutana na unga, joto la nyuzi 90 hadi 96, gramu 18 za kahawa zitoe kama gramu 36 za kinywaji, kwa sekunde 25 au 30. Ile 15 ya kwenye kibandiko ni uwezo wa mwisho wa kipampu cha umeme njia ikiwa imezibwa. Mashine iliyotengenezwa kwa uangalifu ina valvu ya kupunguza mgandamizo ubaki 9. Ya shemeji haikuwa nayo.

Siku ya kwanza tulijaa sebuleni. Povu lilitoka, tena zito, watu wakapiga makofi. Mama mkwe akaonja, akakirudisha kikombe mezani taratibu. "Povu nimeliona," akasema, "sasa leteni kahawa."

Aliyetufumbua macho ni kijana wa jirani aliyewahi kufanya kazi kwenye mgahawa Moshi. Alikitoa kile kichujio cha bati kinachokaa kwenye mpini, akakiinua kuelekea dirishani. Kwa ndani kilikuwa na matundu mengi kama chujio la chai. Kwa nje, tundu moja tu, jembamba kama la sindano. Kahawa ikilazimishwa kupita hapo hutoka na povu hata kama unga umekaa dukani mwaka mzima. Shemeji alikichukua, akakitazama yeye mwenyewe, kisha akanipa mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyelitoboa.

Kijana akaweka kichujio cha kawaida, chenye matundu pande zote mbili. Maji yakapita kwa sekunde sita, meupe, machachu. Unga wetu ulikuwa wa kuchemsha kwenye birika, chembe zake kubwa mno. Basi tukatafuta kahawa ya punje ya Tarime, iliyokaangwa juzijuzi, na dada akaleta blenda. Blenda haisagi, inakatakata: nusu ikawa vumbi, nusu changarawe. Maji yakajipenyeza kwenye changarawe, vumbi likaziba pengine, na kikombe kimoja kikawa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba kinachotakiwa ni kinu chenye meno mawili yanayosagana, chenye skrubu ya kulegeza na kukaza, na kwamba kinu kizuri kinaweza kugharimu sawa na mashine. Kuna mgeni aliyeshauri tutie Africafe humo ndani yaishe. Africafe ni kahawa iliyokwisha kupikwa ikakaushwa. Huko ni kupika ugali mara ya pili.

Dada alikuwa akihofia umeme, akichungulia mita ya LUKU kila asubuhi. Bure. Wati 1,400 kwa dakika kumi hazifiki hata robo ya uniti. Kilichokuwa kikituandama hakikuonekana kwenye LUKU, kilikuwa kwenye ndoo. Maji yetu ni ya kisima, na yeyote mwenye birika la umeme mtaani kwetu anaujua ule ukoko mweupe unaobaki chini. Ndani ya birika unaukwangua kwa kijiko. Ndani ya kimrija chembamba kinachopashwa moto, kijiko utakipitishia wapi? Mwezi wa nne tangu inunuliwe, mashine ilianza kutoa uzi wa maji. Mwezi wa tano ikanguruma tu. Fundi wa redio akaifungua, akakuta chokaa tupu, na ule mpira wa kuzuia maji yasivuje umekauka na kupasuka. Mpira mwingine haukuwepo Bariadi wala Mwanza, kwa sababu plastiki ile haikutengenezwa ifunguliwe.

Sasa mashine inakaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufumwa.

Msimu uliofuata shemeji aliniomba nimsindikize mjini. Kwenye mfuko alikuwa na chupa ya soda iliyojaa maji ya kisima, ili aulize kama yanafaa au akinge ya mvua. Muuzaji, kijana mwingine, akatupokea kwa bashasha: "Karibuni wazee wangu. Hii ndiyo mpya, ina baa 20."

Shemeji akainyanyua, akaigeuza kichwa chini, akaipapasa tumbo akitafuta skrubu.

"Mpira wake mnauza peke yake?"

Kijana akanitazama mimi.

"Haya," shemeji akasema, akiirudisha mezani. "Vinu mmeviweka wapi?"