Haki ya Neno Geni

Mfasiri wa neno geni hufanana na shahidi mbele ya kadhi: anayesemewa hayupo, na wasikilizaji hawana njia ya kumjua ila kwa ulimi wa mwingine. Kwa hiyo tafsiri si jambo la sarufi peke yake. Ni jambo la haki pia. Neno la Kiingereza "secular" limepata kesi ya namna hii kwa wasemaji wa Kiurdu.

Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya zama. Katika Kanisa la Magharibi liliwahusu mapadri waliokaa miongoni mwa watu, ili wapambanuliwe na waliojitenga katika nyumba za watawa. Padri huyo alisali, alifunga na alizika wafu. Hapana aliyemdhania kuwa amemkana Mungu. Baadaye neno lilihamia kwa elimu, kwa mahakama, na mwisho kwa dola.

Kiurdu kina neno "dunyavi", ambalo Mswahili hulitambua mara moja kwa dunia iliyomo ndani yake. Elimu ya hesabu na ya tiba huitwa hivyo, na mzazi mcha Mungu humpeleka mwanawe huko bila ya wasiwasi. Lakini dola inapotajwa, aghalabu huletwa neno "ladini". La ni kukana. Dini ni dini. Hapo msikilizaji haulizwi tena kama yafaa serikali iwatendee sawa raia wa imani zote. Huulizwa kama yu tayari kuiacha dini yake. Jibu limekwisha kutiwa ndani ya swali.

Shaka hiyo haikuzuka bure. George Jacob Holyoake, Mwingereza aliyeiundia itikadi hiyo jina mwaka 1851, alikuwa amefungwa gerezani mwaka 1842 kwa kosa la kukufuru. Walakini maisha ya mtu mmoja si mizani ya kupimia matumizi yote ya neno. Muhammad Ali Jinnah, alipolihutubia Bunge la Katiba la Pakistan mjini Karachi tarehe 11 Agosti 1947, aliwaambia raia kuwa wako huru kwenda misikitini na mahekaluni, na kuwa imani ya mtu si shauri la dola. Neno lenyewe hakulitumia. Anayeipima hotuba hiyo kwa "ladini" hana budi kushangaa, maana yaacha kila mlango wa ibada wazi.

Wako waandishi wa Kiurdu wanaoliacha neno la Kiingereza kama lilivyo, ila kwa hati yao. Ni uaminifu, ingawa wenye uvivu kidogo: neno halisingiziwi, wala halielezwi. Bora ni Kihindi cha Katiba ya India, ambayo ilitiwa neno hilo mwaka 1976. Hakikuchukua "dharma", jina linalobeba dini na wajibu pamoja, nayo dola isiyojali wajibu ni balaa. Kilichukua "panth", njia ya madhehebu, ili dola isielemee njia yoyote.

Mswahili hana nafasi ya kucheka. Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania huiita nchi "isiyokuwa na dini", hali ibara ya 19 yalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Atakayesoma ile ya kwanza peke yake aweza kuingiwa na hofu ile ile ya msomaji wa Lahore.