Kabla Ulimi Haujawa Mzito

Mfikirie baba aliyepatwa na kiharusi usiku. Yu hai, lakini ulimi umekuwa mzito na mkono haushiki kalamu. Akaunti ya benki ni ya jina lake peke yake. Hati ya kiwanja hakuna ajuaye ilipo. Wosia aliuandika, tena akauhifadhi RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia. Lakini wosia hutekelezwa mtu akishafariki, na huyu anahitaji dawa leo.

Siku hizi angalau tunathubutu kuuzungumzia wosia. Ugonjwa bado hatuupangii, na hilo linaniuma. Nakusihi, ungali na akili timamu, keti na mwenzako au mwanao unayemwamini. Mwonyeshe zilipo hati na kadi ya bima, umtajie na madeni, naam, hata yale unayoyaonea haya. Ulizeni benki kuhusu akaunti ya pamoja ambayo yeyote kati yenu anaweza kutoa fedha. Sema ungependa utibiweje, na nani aamue ukishindwa kusema. Ukimpa mtu hati ya uwakilishi ili atende kwa niaba yako, mwulize wakili kama itabaki na nguvu ukipoteza uwezo wa kuamua. Mara nyingi nguvu yake hukoma hapohapo.