Je, Mchungaji Aliyekimbia ni Mtu wa Mshahara?



Jumapili moja tulihubiri Yohana sura ya 10, habari za Mchungaji Mwema. Ibada ilipokwisha, mama mmoja mzee alitungoja mlangoni. Akasema: "Pasta, usinikasirikie. Tumesikia kwamba mtu wa mshahara akimwona mbwa-mwitu hukimbia. Na ninyi wachungaji wetu, si mlikimbia pamoja na sisi? Basi ninyi ni wachungaji au ni watu wa mshahara?" Hakuuliza kwa dharau. Tulimjibu, "Mama, utupe muda," kwa sababu jibu la haraka lingekuwa la kujitetea tu.

Swali lake ni letu sote. Wengi wetu watumishi tulivuka Ruzizi kama ninyi, watoto mgongoni na Biblia mfukoni. Tuliacha makanisa ambayo matofali yake tuliyafyatua wenyewe. Ikiwa kukimbia peke yake ni dhambi, basi hakuna kati yetu anayestahili kusimama mbele yenu.

BIBLIA HAIHUKUMU MIGUU

Yusufu alikimbia usiku na mtoto Yesu kwenda Misri (Mathayo 2:14). Paulo alishushwa ukutani ndani ya kapu huko Dameski (Matendo 9:25). Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi kwamba wakiudhiwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23). Basi mtu wa mshahara hatambuliwi kwa kukimbia tu. Tusome mpaka mstari wa 13 wa Yohana 10: kosa lake ni kwamba hana uchungu na kondoo. Miguu yake inakimbia kwa sababu moyo wake ulikwisha kuondoka zamani.

Swali hili lilikuwako Afrika kabla yetu. Augustino alikuwa askofu wa Hipo, mji ambao leo unaitwa Annaba nchini Algeria. Alipokuwa mzee, jeshi la Wavandali liliingia Afrika ya Kaskazini, na askofu mwenzake, Honorato, alitaka kujua kama wachungaji wanaruhusiwa kukimbia. Augustino alimjibu kwa barua. Ikiwa anayetafutwa ni mchungaji peke yake, na wako wengine wa kulihudumia kanisa, anaweza kuondoka kama Paulo. Ikiwa watu wote wanahama, aende nao. Lakini ikiwa hatari ni ya wote na watu wanabaki, wale wanaohitajiwa wasiwaache wale wanaowahitaji. Augustino alikufa mwaka 430, mji wake ukiwa umezingirwa. Alikuwa hajaondoka.

YEREMIA MKIMBIZI

Yeremia yuko karibu nasi zaidi. Yerusalemu ilipoanguka, mkuu wa walinzi wa Babeli alimfungua minyororo akampa hiari: aende Babeli akatunzwe vizuri, au abaki (Yeremia 40:4). Leo tungesema alipewa nafasi ya nchi ya tatu. Akachagua kukaa na watu waliosalia. Baadaye watu hao hao waliingiwa na hofu, wakataka kukimbilia Misri. Baada ya kumngoja Bwana siku kumi aliwaambia wasiende. Wakamwita mwongo (43:2), wakaondoka, na yeye wakamchukua. Huko Tahpanesi, ugenini, kati ya watu waliomkataa, aliendelea kuwapa neno la Bwana. Watu hawakumtii, hata hivyo alikuwa kiongozi wao, maana hakuacha kuwaambia kweli, na walipokuwa ndipo naye alipokuwa.

Nasi katika nchi zetu tumepewa mifano. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu alibaki na watu wake vita vilipoufikia mji, akauawa tarehe 29 Oktoba 1996. Kule Buta, kusini mwa Burundi, tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji waliingia katika seminari ndogo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Walikataa kutengana. Wanafunzi 40 waliuawa. Hao walikuwa Wakatoliki, nasi ni wa kanisa lingine, lakini tujifunze kwao. Vijana wale hawakuwa na cheo. Tunaamini kwamba uongozi wa kiroho unaanzia hapo walipokuwa wamesimama: kukataa kumwachia mbwa-mwitu hata mmoja kwa sababu ya kabila lake.

Na hapa karibu, Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa ndani ya kambi. Waliuawa ng'ambo hii ya mpaka, mahali walipodhani wamepona. Kwa hiyo kukimbia hakumalizi kazi ya mchungaji. Kule alikofika na kondoo bado anahitajiwa.

MTU WA MSHAHARA ANAWEZA KUBAKI

Mtumishi anaweza kuwa hapa Bujumbura kila Jumapili, na kondoo wakawa peke yao. Familia inahitaji barua ya kanisa kuthibitisha ndoa na hesabu ya watoto, naye anadai "asante" kwanza. Nguo za msaada zinafika, anaanza na jamaa zake. Kijana wa kabila lingine anakuja kuombewa, anamwelekeza kwenye kanisa la "wenzake". Huyo hajavuka mto wowote, lakini amekimbia.

Nasi tuungame. Jina letu lilikuwa katika orodha ya kwenda Marekani. Tulifanya mahojiano, tukapimwa afya, tukauza kitanda na meza. Tangu siku ile tuliacha kuzuru wagonjwa. Tulijiambia: tunaondoka, tuanze mambo ya nini? Mjane mmoja wa Buterere aliugua wiki tatu. Tulisikia, hatukwenda. Januari 2025, safari za wakimbizi kwenda Marekani ziliposimamishwa, tulibaki bila kitanda na bila uso wa kuwatazama ninyi. Mjane yule alikuwa amepona. Alituletea mkeka wa kulalia. Hakusema neno, nasi hatukuwa na neno. Miezi ile yote tulikuwa watu wa mshahara, na hata ndege hatukupanda.

Je, mchungaji akipata nafasi ya kuondoka ni kosa? Hapana. Naye ana watoto wanaohitaji shule na mke aliyechoka kulala kwa hofu. Msimlazimishe abaki ili muonekane mna mchungaji mwaminifu. Lakini kabla ya kufunga mizigo ajibu mbele ya wazee wa kanisa: Nani atabaki na kondoo, na ameandaliwa? Wagonjwa wametembelewa mpaka wiki ya mwisho? Sadaka zimehesabiwa na kukabidhiwa? Akiwa na majibu, mwombeeni na kumsindikiza kwa nyimbo. Na anayebaki naye ajiulize kwa nini anabaki: ni kwa ajili yenu, au ni kwa kuwa hajaitwa?

JIBU LETU KWA MAMA

Mama yetu, tulikimbia, ndiyo. Hatutakuficha. Lakini kumbuka Petro. Usiku ule Bwana alipokamatwa, wanafunzi wote walikimbia, na Petro akamkana mara tatu. Baada ya kufufuka, Yesu hakumwuliza habari za kukimbia kwake, wala za elimu yake. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akamkabidhi kondoo (Yohana 21:15-17). Kondoo wa Bwana walikabidhiwa kwa mtu aliyewahi kukimbia. Hilo ndilo tumaini letu watumishi, na pia ndiyo deni letu kwenu.

Basi mkituona tumeanza kuwasahau, msinung'unike nyumbani. Mtungoje mlangoni, mtuulize tena kama mama huyu alivyotuuliza.

Bwana Yesu, Mchungaji Mkuu, uwalinde kondoo wako walioko Bujumbura, kambini, na wale waliobaki ng'ambo ya Ruzizi. Utupe sisi watumishi wako moyo usiokimbia. Amina.