Madhabahu Kando ya Yordani

JUMANNE

Soma Yoshua 22:10-34. Kila upande uliogopa nini, na hofu hiyo ilitoka wapi?

Mara nyingi tunasoma kisa hiki tukiwa tumeketi Shilo. Tunasikia kwamba Wareubeni, Wagadi na nusu ya kabila la Manase wamejenga madhabahu kubwa, nasi tunakasirika pamoja na mkutano. Hasira hiyo haikuwa ya bure. Kule Peori watu 24,000 walikufa kwa tauni (Hesabu 25:9). Kwa kosa la Akani peke yake, watu wapatao 36 waliuawa Ai (Yoshua 7:5). Kwa makabila ya magharibi, dhambi ya ndugu ng'ambo ya mto ingeweza kuwafikia watoto wao wenyewe.

Sasa vuka mto. Hawa ni watu walioacha wake, watoto na mifugo yao mashariki, wakaenda kupigania urithi wa ndugu zao (Yoshua 1:14, 22:3). Wanaporudi nyumbani wanaitazama Yordani, na hema ya kukutania imebaki upande ule mwingine. Je, wajukuu wao wakija kuambiwa kwamba hawana sehemu katika Bwana? Madhabahu haikuwa ya sadaka, ilikuwa ushahidi. Ila hawakumwambia mtu kabla ya kuijenga. Biblia haiwalaumu kwa hilo, lakini naona kwamba mjumbe mmoja aliyetumwa mapema angeiokoa safari ya wakuu kumi.

Finehasi naye alikuwa mtu wa mkuki (Hesabu 25:7, 8). Hakuanza kwa swali. Alianza kwa mashtaka. Hata hivyo, angalia fungu la 19: kama nchi yenu ni najisi, njoni mkae kwetu. Alikuwa tayari kupunguziwa urithi ili ndugu wasipotee. Kisha akasikiliza jibu mpaka mwisho, akakubali kwamba hawakutenda kosa hilo, akalipeleka jibu hilo Shilo kwa watu waliokwisha kukusanyika kwa vita. Hiyo ndiyo kazi nzito ya mpatanishi: kuyafikisha maneno ya upande wa pili kwa watu wako bila kuyapindisha, huku wakiweza kukuita msaliti.

Linganisha na Waamuzi 12:1-6. Mto ni uleule. Efraimu wanadai hawakuitwa vitani; Yeftha anasema aliwaita wasije. Hakuna aliyetumwa kuuliza ukweli u wapi. Kwenye vivuko vya Yordani watu walipimwa kwa matamshi ya neno moja, na wakaanguka Waefraimu 42,000.

Fikiria ugomvi mmoja uliopo sasa kanisani au nyumbani kwenu. Je, waweza kueleza hoja ya upande usiokubaliana nao, mbele yao wenyewe, hata waseme, "Naam, ndivyo tunavyosema"? Ni sehemu gani ya hoja yao inayokushinda kuitamka?