Goti Likigoma

Msikilizaji wangu wa Tiira, Busia na Tororo, wewe uliyezoea kukimbia alfajiri, kabla wachimba dhahabu hawajashuka mashimoni, na sasa goti limegoma, leo nazungumza nawe.

Aprili 2023, kwenye marathoni ya Boston, mguu wa kushoto ulimsumbua Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa Kenya, akamaliza wa sita. Huyu ndiye aliyekimbia umbali wa marathoni Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi. Septemba ya mwaka huohuo wa 2023 alishinda marathoni ya Berlin.

Lakini kinachonivutia leo ni kwamba Kipchoge ni msomaji. Katika kambi ya Kaptagat, ambako naye aliosha vyoo kwa zamu kama wenzake, kitabu kilikuwa sehemu ya mapumziko yake.

Kitabu kinamfaa pia aliyeumia, maana hateswi na maumivu tu. Kinachomla hasa ni zile saa tupu za asubuhi, na wenzake wanaopita mbio mbele ya mlango wake. (Tena wanampungia mkono!) Kitabu hakiponyi goti, tusidanganyane. Lakini aliyezama katika riwaya hana pupa ya kuujaribu mguu mapema, na pupa hiyo ndiyo huwarudisha wengi kitandani.

Kwa hiyo muone mhudumu wa afya, wala usimeze vidonge vya maumivu ili ukakimbie. Na wewe mwenye kitabu kilicholala kabatini, mpelekee jirani yako aliyeumia leo.